Usiitupe Game Boy hiyo: kuhusu Gunpei Yokoi na kioo chenye mistari

SWALI: Mjomba amerudi kutoka Uingereza akaniletea Game Boy ya zamani, ile nene ya kijivu. Inawaka na inalia, ila kioo kimekatwa na mistari mitupu ya wima, kama saba hivi. Fundi simu ameitazama akaniambia niitupe. Katika kusomasoma nimekuta wanasema aliyebuni gemu za mkononi ni Mjapani mmoja, Gunpei Yokoi. Ni kweli? Na mashine ya 1989 isiyo na rangi wala taa ya kioo ina nini cha maana hata mtu ahangaike kuitengeneza? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usiitupe, ndugu yangu. Mistari mitupu ya wima kwenye Game Boy ya kwanza ndiyo hitilafu yake inayojulikana kuliko zote, na mara nyingi huondoka kwa chuma cha kulehemu na subira kidogo. Fundi wako amejibu kwa kazi anayoijua: kioo cha simu ya leo kikianza mistari hakitengenezwi, hubadilishwa. Hicho ulicho nacho si simu. Kiliundwa kwa vifaa ambavyo hata mwaka 1989 vilikuwa vya zamani, tena kwa makusudi kabisa. Uamuzi huo ndio ulioipa Game Boy soko, na ndio unaokuruhusu leo kuifungua mezani kwako ukaona kila kitu kwa macho. Kwa hiyo maswali yako yanakutana mahali pamoja. Tuanze na mtu mwenyewe.

Kusema kwamba Yokoi alibuni gemu ya kwanza ya mkononi si sahihi. Kabla yake, katika miaka ya 1970, kampuni ya Mattel ya Marekani ilikuwa imeshauza Auto Race, gemu ya magari ambayo magari yenyewe ni vijitaa vyekundu. Mwaka 1979 kampuni ya Milton Bradley ikatoa Microvision, kazi ya Mmarekani Jay Smith, na hiyo ndiyo iliyotangulia kuwa na kaseti za kubadilisha. Kioo chake kilikuwa na nukta 16 kwa 16, yaani 256 tu, na prosesa ilikaa ndani ya kila kaseti badala ya kukaa kwenye mashine. Microvision iliponzwa na mwili wake: vioo vyake vilioza, na umeme tuli wa mkononi tu ulitosha kuua chipu za kaseti. Wazo lilikuwa zuri, vifaa havikuwa tayari. Hapo ndipo Yokoi anapojitofautisha na waliomtangulia, kwa sababu yeye hakugusa kifaa ambacho hakijawa tayari.

Alizaliwa Kyoto tarehe 10 Septemba 1941, akasomea mambo ya umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha, mji huohuo. Mwaka 1965 aliajiriwa na Nintendo, ambayo wakati huo ilikuwa kampuni ya karata za Kijapani ziitwazo hanafuda, na kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya kiwandani. Katika muda wa mapumziko alijitengenezea mkono wa vipande vilivyopishana kama mkasi, unaorefuka na kushika kitu cha mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alimwona nao, na badala ya kumkaripia akamwagiza autengeneze uwe bidhaa. Ukatoka kwa jina la Ultra Hand mwaka 1966, na ikauzwa mikono zaidi ya milioni moja. Mwaka 1969 ikaja Love Tester, kipimo cha mapenzi: watu wawili wanashikana mikono, kila mmoja ameshika tufe la chuma kwa mkono wa pili, na mshale unapanda kadiri umeme mdogo unavyopita miilini mwao. Ndani yake ni kipimo cha mkondo wa umeme tu, kitu cha maabara ya sekondari. Jipya lilikuwa kukipa kazi ambayo hakuna aliyewahi kukipa.

Yokoi alikuwa na usemi wake kwa njia hii, na neno la Kijapani alilolitumia kwa teknolojia ya aina hiyo lina maana ya kitu kilichonyauka, kama jani. Alikusudia kifaa kilichokwisha kukomaa: bei yake imeshuka, viwanda vya kukitengeneza vipo vingi, na kasoro zake zimeshajulikana zote. Chukua kifaa hicho, alisema, ukitafutie matumizi pembeni, mahali ambapo watu hawajatazama. Msomaji mwepesi huelewa kwamba alipenda vitu hafifu kwa sababu ni rahisi. Sivyo. Kifaa kilichokomaa kina tabia inayojulikana, na mbunifu anayejua tabia ya kifaa chake anaweza kutumia akili yake yote kwenye mchezo.

Mfano wake bora ni kikokotoo. Katika miaka ya 1970 Sharp na Casio walishindana kushusha bei ya vikokotoo hadi kioo cha LCD na chipu yake vikawa vya bei ya chini mno. Siku moja Yokoi, akiwa ndani ya treni ya mwendo kasi, alimwona mfanyakazi wa ofisini akibonyezabonyeza kikokotoo ili kuua muda. Hapo likamjia wazo la gemu ndogo ya kufichika viganjani, ambayo mtu mzima hataona haya kuishika mbele za watu. Game & Watch ya kwanza, Ball, ilitoka tarehe 28 Aprili 1980 kwa yeni 5,800. Kioo chake hakikuwa na nukta. Kila mahali mpira unapoweza kuwa pamechorwa tayari ndani ya kioo, kama vile namba 8 ya kikokotoo ilivyo na vipande vyake saba, na chipu inachofanya ni kuwasha kipande kimoja na kuzima kingine. Kwa sababu hiyo umeme unaotumika ni kidogo kabisa, betri za kidonge zinatosha, na ukiacha kucheza kinabaki kuwa saa. Hadi mfululizo huo ulipokoma mwaka 1991 zilikuwa zimeuzwa milioni 43.4.

Ukitaka kuona mantiki hiyo karibu na kwetu, kumbuka kile kidude cha Brick Game kilichojaa madukani Afrika Mashariki, kile kilichojigamba kina gemu 9,999 kumbe ni chache zilizobadilishiwa kasi. Kioo chake ni miraba 10 kwa 20 iliyochorwa tayari. Ni mjukuu wa Ball kwa kila hali, ingawa Nintendo hawakuhusika nacho.

Mwaka 1982 ilipotengenezwa Game & Watch ya Donkey Kong, yenye vioo viwili na inayokunjwa kama kitabu kidogo, kulikuwa na shida ya usukani. Mchezo ulitaka pande nne, na kijiti cha kusimama kisingeruhusu kifuniko kufunga. Yokoi akaweka kitufe bapa cha umbo la msalaba. Utakiona kwenye Game Boy yako, na utakiona kwenye karibu kila pedi ya gemu iliyotengenezwa tangu hapo. Uzuri wake uko chini, usipoonekana. Msalaba ni kipande kimoja cha plastiki kinachoegemea nundu iliyo katikati, kwa hiyo ukikandamiza kulia, kushoto kunanyanyuka. Huwezi kubonyeza pande mbili zinazopingana kwa pamoja na kuichanganya programu. Chini yake kuna mpira laini wenye vidonge vinne vya kaboni, na kila kidonge kikigusa bodi kinafunga njia ya umeme. Kidole gumba kinajua kilipo bila jicho kusaidia. Kama pangekuwa pa kutaja kitu kimoja tu alichouachia ulimwengu, ningetaja hiki kabla ya Game Boy.

Game Boy yenyewe ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989 na Marekani mwishoni mwa Julai. Hapa pana jina ambalo hupunjwa haki yake: Satoru Okada. Okada alikuwa mhandisi chini ya Yokoi katika idara yao, na amesimulia kwamba Yokoi alikuwa na picha ya kitu kilicho karibu zaidi na Game & Watch, chepesi na cha bei ndogo, ilhali yeye alisisitiza iwe kompyuta kamili yenye kaseti, itakayoweza kuandikiwa gemu kwa miaka mingi. Mashine uliyonayo ni zao la mvutano huo. Bei ndogo, betri na kioo bila taa ni mkono wa Yokoi; uhai mrefu wa gemu zake unadaiwa pia na Okada.

Tazama hesabu walizozifanya. Kioo kina nukta 160 kwa 144, na kila nukta ina viwango vinne tu vya weusi. Viwango vinne vinahitaji biti mbili, kwa hiyo picha nzima ni baiti 5,760. Kumbukumbu ya picha ni kilobaiti 8, na ya kazi ni kilobaiti 8 nyingine. Prosesa ya Sharp inakwenda kwa megahezi 4.19, na ni ya ukoo wa chipu za biti 8 za miaka ya 1970 ambazo waandishi wa programu walikuwa wameshazizoea. Hata hivyo picha haichorwi nukta kwa nukta. Kioo kimegawanywa vigae vya nukta 8 kwa 8, 20 kwa upana na 18 kwa urefu, na programu inasema tu kigae namba fulani kikae wapi. Ndiyo maana chipu ndogo namna ile inaweza kusogeza ukurasa mzima bila kuhema.

Taa ya kioo ndiyo iliyoachwa kwa maumivu makubwa zaidi. Taa za nyuma za wakati ule zilikuwa mirija midogo ya umemenuru, na zilikula betri kwa fujo. Atari walitoa Lynx mwaka huohuo wa 1989, yenye rangi na taa, kwa karibu dola 180. Sega wakafuata na Game Gear mwaka 1990, nayo ya rangi, kwa dola 150. Zote mbili zilimeza betri sita za AA ndani ya saa tatu hadi tano. Game Boy iliuzwa karibu dola 90 na ilikwenda na betri nne kwa saa 15 hivi au zaidi. Fikiria mtoto anayepewa fedha za betri na mzazi. Mwenye Game Gear anacheza mchana mmoja. Mwenye Game Boy anacheza wiki. Gemu nyingi ziliandikwa na watengenezaji wa nje kwa mashine iliyo mikononi mwa watu wengi, na duara hilo likajilisha lenyewe. Game Gear iliishia karibu milioni 10.6. Game Boy, pamoja na ile ya rangi iliyoifuata mwaka 1998, ilifika milioni 118.69.

Kioo kile kina kasoro nyingine: kinaitika polepole. Nukta ikiwaka haizimiki mara moja, hivyo kitu kinachokimbia huacha mkia wa ukungu. Mchezo uliokuja pamoja na mashine huko Marekani, Tetris ya Mrusi Alexey Pajitnov, haukuathirika hata kidogo, maana vipande vyake vinashuka kwa hatua, kimoja kimoja. Aliyewashawishi Nintendo waiweke ndani ya boksi alikuwa mfanyabiashara wa gemu Henk Rogers, na sidhani pamewahi kupatikana mchezo na kioo vilivyofaana zaidi. Kisha kuna lile tundu la upande wa kulia la kuunganishia mashine mbili kwa waya. Kwa miaka lilitumika kidogo, hadi Februari 1996 Pokémon ilipotoka Japani, mchezo ambao huwezi kuukamilisha bila kubadilishana viumbe na mwenzako kwa waya huo. Mashine ya umri wa miaka saba, iliyokuwa inaonekana imefika mwisho, ikapata maisha ya pili.

Yokoi hakufaulu kila mara. Virtual Boy ya mwaka 1995 ilifuata kanuni ileile, vijitaa vyekundu kwa sababu vilikuwa vya bei nafuu na vya kuaminika, vikitazamwa kupitia vioo vinavyotikisika ili kuleta picha yenye kina. Lakini ilikaa mezani juu ya miguu, ilichosha macho, na iliuzwa 770,000 tu. Watu husema alifukuzwa kwa sababu yake. Yeye mwenyewe alikana, akasema kuondoka kulikuwa mpango wake wa siku nyingi. Aliacha kazi Agosti 1996, mara baada ya Game Boy Pocket kutoka, akafungua kampuni yake ndogo Kyoto, Koto, na kuanza kubuni mashine kwa ajili ya Bandai, kampuni ya vitu vya kuchezea. Tarehe 4 Oktoba 1997, kwenye barabara kuu katika mkoa wa Ishikawa, alishuka garini baada ya ajali ndogo, gari jingine likamgonga akafariki. Alikuwa na miaka 56. Mashine aliyoiacha, WonderSwan, ilitoka Machi 1999 kwa yeni 4,800. Ilikuwa ya biti 16, na ilikwenda zaidi ya saa 30 kwa betri moja ya AA. Moja. Mchezo wa fumbo uliotoka nayo ulipewa jina la GunPey kwa heshima yake.

Sasa tufungue hiyo ya kwako.

Kwanza hakikisha tatizo ni lile ninalolidhani. Zungusha gurudumu la upande wa kushoto, la kukoleza kioo, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mistari ikibaki mitupu hata kioo kikiwa kimekolea kabisa, na ikiwa imesimama wima, basi ni mguso wa utepe wa chini ya kioo. Kama ni ya kulala, ni utepe wa ubavuni, na huo nakushauri usiuguse: muunganiko wake ni dhaifu zaidi, na joto mara nyingi huongeza mistari badala ya kuipunguza. Kama kioo kina doa jeusi linalosambaa kama wino, kioo kimevuja na hakuna dawa. Doa la kahawia lililofifia kama limeungua ni la karatasi ya polaraiza (inayochuja mwanga juu ya kioo) iliyoliwa na jua, na hiyo hubanduliwa ikabandikwa nyingine.

Toa betri na kaseti. Mgongoni kuna skrubu sita, mbili zikiwa ndani ya nyumba ya betri, na vichwa vyake vina mabawa matatu kama herufi Y. Bisibisi yake imo katika seti nyingi za kufungulia simu. Usilazimishe ya bapa. Vichwa vile ni laini, vikishalika utalazimika kutoboa. Achanisha nusu mbili polepole kama unayefungua kitabu, kwa sababu zimeunganishwa na utepe mpana. Utepe huo hauna kufuli: ushike kwa vidole viwili karibu na soketi, uvute taratibu bila kuupinda. Hapo nusu ya mbele inabaki peke yake. Fungua skrubu zake ndogo kwa bisibisi ya nyota, inua bodi, na kioo kitakuja nayo. Gusa kwanza kitu kikubwa cha chuma ili utoe umeme tuli mwilini, na shika bodi pembeni.

Chini ya kioo utaona utepe mwembamba wa rangi ya kahawia unaotoka kwenye kioo kwenda kwenye bodi, wakati mwingine umefunikwa na kipande cha mpira au gundi. Kila mstari wa wima una njia yake ndani ya utepe huo. Njia hizo zilishikizwa kwa joto kiwandani, na miaka zaidi ya 30 ya joto, baridi na kuangushwa imezilegeza baadhi. Kazi yako ni kuzipa joto zishike tena. Rudisha utepe mpana kwenye soketi yake, tia kaseti na betri, washa, uone mistari ukiwa kazini. Voti 6 haziwezi kukudhuru, ila angalia bodi isilale juu ya chuma.

Chuma cha kulehemu kiwe na ncha bapa, safi, isiyo na lehemu. Kama kina kipimo cha joto, anza na nyuzi 200 hivi. Kama ni kile cha kawaida cha dukani, kina joto mno: kichomoe kwenye umeme kikishapata moto, subiri kidogo, na weka karatasi ya kuokea au mkanda wa kuvumilia joto juu ya utepe. Telezesha ncha kwa wepesi mahali utepe unapoungana na bodi, chini ya mstari uliopotea, sekunde mbili au tatu kwa mara moja. Usiminye. Utaona mstari ukirudi, pengine ukicheza kwanza kabla ya kutulia. Pita mara nyingine ukiwa umepumzika dakika moja katikati, kisha acha pote papoe kabla ya kuhukumu, kwa sababu baadhi ya mistari hupotea tena joto likiondoka na kuhitaji kurudiwa. Wanaoharibu hapa huharibu kwa njia mbili: kusimamisha ncha mahali pamoja hadi utepe ukunjamane, au kugusa kioo chenyewe ambacho hupasuka kwa joto la upande mmoja.

Virtual Boy, inayochekwa na wengi, inaugua ugonjwa huuhuu: tepe za vijitaa vyake zimeshikizwa kwa gundi, gundi inachoka, mistari inaruka.

Ukiwa umeshafungua, maliza na usafi. Vitufe visivyoitika husababishwa na uchafu kati ya kaboni na bodi; futa bodi kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, na mpira uoshe kwa maji ya sabuni laini tu, maana kuusugua kunaondoa kaboni. Swichi ya juu ya kuwashia ikiwa na kutu ndani, mashine huzimika ukiitikisa au taa nyekundu hufifia. Dondosha spiriti ndani, isogeze mbele na nyuma mara 20 au 30, iache ikauke. Kwenye vyuma vya betri tazama rangi ya unga. Betri za alkali zikivuja, dawa ni siki kidogo kwenye pamba. Zile za bei rahisi za kaboni na zinki huvuja kitu chenye asidi, kwa hizo tumia magadi soda yaliyokorogwa na maji. Vyovyote vile futa kwa spiriti mwishoni, na usiache betri ndani ukiiweka kabatini.

Betri nne za kuchajiwa za voti 1.2 zinafanya kazi vizuri, jumla 4.8. Ukitaka kutumia tundu la umeme la ubavuni, tahadhari: linataka voti 6, na pini ya katikati ni hasi, kinyume cha adapta nyingi unazozipata madukani. Ukipachika ya katikati chanya unahatarisha bodi. Utaona pia vioo vipya vyenye taa vikiuzwa kwa ajili ya mashine hii. Ni vizuri kwa macho, lakini vinaongeza ulaji wa betri, na kwa jua letu kioo cha asili kinasomeka vyema kabisa kibarazani. Usiicheze juani moja kwa moja tu, kwani joto hukigeuza kioo kuwa cheusi.

Ukiiwasha baada ya kufunga, jina la Nintendo litashuka kutoka juu. Hapo mashine inasoma baiti 48 kutoka kwenye kaseti na kuzilinganisha na zilizo ndani yake, zikitofautiana, inagoma. Kwa hiyo likishuka boksi jeusi tupu, kaseti haigusi kabisa, na likishuka jina lililovurugika, pini ni chafu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu. Safisha meno ya kaseti kwa spiriti, subiri dakika tano, jaribu tena.

Mwisho, kama kaseti uliyopewa inahifadhi mchezo, ndani yake kuna betri yake ndogo, CR1616 au CR2025. Namba imepigwa mgongoni mwa betri hiyo. Pokémon Gold na Silver zina saa inayotembea muda wote, hivyo zake huisha mapema zaidi. Nunua yenye miguu ya bati iliyokwisha kuchomelewa, usilehemu moja kwa moja juu ya betri kwani inaweza kupasuka, na ujue kwamba ukiitoa ya zamani kila kilichohifadhiwa kinafutika, kwa hiyo mwenye kumbukumbu zake humo aulizwe kwanza. Chanya na hasi zifuate alama za bodi. Andika mwezi na mwaka kwa kalamu juu ya betri mpya kabla hujafunga kaseti.